Taa Iliyowashwa Ndani ya Chembe Hai

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao.

Mara nyingi historia hutupa habari za wafalme, za vita na za misafara. Leo tutasoma historia ya namna nyingine. Tutaona jinsi watu walivyohangaika, miaka zaidi ya mia, ili waone jambo moja dogo mno linalotokea ndani ya kiumbe kilicho hai. Someni polepole. Penye neno geni nitaeleza maana yake.

Somo lenyewe limetokana na swali. Nilipolitembelea darasa la Fukayosi, bibi mmoja alisimama akasema hivi: "Mwalimu, juzi mjukuu wangu alishikwa na homa. Tukaenda kituo cha afya, akatobolewa kidole, damu ikapakwa juu ya kioo. Bwana wa maabara akatazama ndani ya hadubini, akasema, 'Wapo, nimewaona.' Haya, mimi nauliza. Ikiwa wanawaona, na wamewaona tangu zama za babu zetu, mbona malaria haijaisha?"

Darasa zima lilinyamaza. Nami sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia, "Bibi, swali lako nimelichukua. Nitakujibu kwa redio." Basi leo nalipa deni.

KUMWONA MTU KATIKA PICHA

Vijidudu alivyoviona yule bwana wa maabara vilikuwa vimekwisha kufa. Damu ilikuwa imekauka juu ya kioo, na imetiwa rangi ya zambarau ili vijidudu vionekane. Hiyo ni kazi njema, maana hapo hujulikana mtoto apewe dawa gani. Lakini ni sawa na kumwona mwizi katika picha. Sura yake utaijua, lakini picha haikuambii anatoka saa ngapi, anapita mlango gani, wala ni nani anayempa ishara kwamba sasa ndiyo saa ya kutoka. Atakaye kumkamata lazima aijue ile ishara.

Na ishara hiyo, ndugu zangu, si sauti wala si mwanga. Ni madini yaleyale yaliyomo ndani ya chokaa.

TARISHI WA MWILINI

Tuanze na hiyo chokaa, maana mnaijua. Nendeni Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, mtaona magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, na kilichoyashikamanisha ni chokaa. Wazee waliyachoma matumbawe kwa kuni nyingi mpaka yakageuka chokaa. Ndani yake yamo madini yaitwayo kalsiamu. Kalsiamu hiyohiyo imo katika maziwa, katika dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, na katika mifupa na meno yetu.

Lakini kalsiamu ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwili wa kila kiumbe, uwe wa mtu, wa mbuzi au wa mhogo, umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Chembe hai huitwa pia seli. Kila seli ina ngozi nyembamba, nayo hufanya kazi usiku na mchana kuisukuma kalsiamu nje. Ndani hubaki kidogo sana. Kalsiamu iliyo nje hupita iliyo ndani kiasi cha mara 10,000.

Kwa nini seli ijisumbue hivyo? Kwa sababu kalsiamu ni tarishi wake. Tarishi akiingia ofisini na barua, karani huacha alilokuwa akilifanya akasoma. Vivyo hivyo, kalsiamu ikiingia kidogo mahali palipokuwa hapana kitu, seli hupata habari. Msuli hujikaza. Moyo hupiga. Yai lililokutana na mbegu ya kiume huanza kukua. Kisha kalsiamu hutolewa upesi, ili tarishi wa pili akija naye asikiwe. Kama ofisi ingejaa matarishi siku zote, nani angejua kuwa barua mpya imefika?

Aliyegundua mwanzo wa jambo hili aligundua kwa bahati. Daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akiupigisha moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi, mbali na mwili wa chura mwenyewe. Moyo uliendelea kupiga vizuri. Baadaye alikuja kujua kwamba maji yaliyotumika hayakuwa safi kama alivyodhani, bali yalikuwa maji ya bomba, yenye kalsiamu ndani yake. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulisimama. Alipotia kalsiamu, ukapiga tena. Habari hiyo aliiandika mwaka 1883. Tangu hapo ilijulikana kwamba kalsiamu huamrisha kazi. Lakini hakuna aliyeweza kuiona ikiingia.

NYUZI ZA LAVERAN

Sasa turudi kwa malaria. Tarehe 6 Novemba 1880, katika mji wa Constantine huko Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alitazama tone la damu bichi ya askari mwenye homa. Hakuikausha wala hakuitia rangi. Akaona kijidudu cha mviringo, na ghafula nyuzi nyembamba zikachomoza kwake, zikawa zinajipindapinda kama mijeledi. Laveran akajua kwamba kitu kile ki hai, nacho ndicho kiletacho malaria.

Zilikuwa nyuzi gani? Mwaka 1897 kijana mmoja wa Kanada, William MacCallum, alitazama damu ya kunguru, iliyokuwa na kijidudu kilicho jamaa ya kile cha malaria. Akaona uzi mmoja unakwenda mpaka kwa kijidudu kingine, unaingia ndani yake. Kumbe nyuzi zile ndizo mbegu za kiume! Mwaka uleule, huko India, Ronald Ross alikikuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Hapo njia yote ikaanza kueleweka.

Mambo ni hivi. Ndani ya damu ya mtu vipo vijidudu vya malaria vya kiume na vya kike, navyo vimetulia kama vimelala. Mbu akinywa damu ile, vijidudu huingia tumboni mwake. Huko ni baridi kuliko mwilini mwa mtu, tena imo kemikali ya mbu mwenyewe. Kwa muda wa robo saa hivi, kijidudu cha kiume hupasuka na kutoa nyuzi 8, zinazokwenda kuwatafuta wa kike. Tone la Laveran nalo lilikuwa limepoa juu ya kioo, ndiyo maana alibahatika kuziona. Bila nyuzi hizo mbu hawezi kuupeleka ugonjwa nyumba ya pili.

Lakini swali likabaki palepale. Nani aliyekiambia kijidudu, "Amka, umefika kwa mbu"? Ilidhaniwa kwamba ni tarishi yule yule, kalsiamu. Kudhani ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine.

KIJANA WA NAGASAKI

Taa ya kumwonea tarishi huyo ilitoka baharini, tena kwa mtu ambaye hakuwa akifikiri habari za malaria hata kidogo.

Tarehe 9 Agosti 1945 kijana wa Kijapani, Osamu Shimomura, alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa akifanya kazi kiwandani katika mji wa Isahaya, usio mbali na Nagasaki. Bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, mwanga wake ulimpofusha kwa muda mfupi. Alipokuwa akirudi nyumbani, mvua nyeusi ilimnyeshea, na bibi yake akamwosha mara alipofika. Baada ya vita alisoma chuo cha dawa huko Nagasaki. Hakukichagua kwa kukipenda. Hakupata nafasi penginepo.

Shimomura alikuja kuwa hodari wa kuchunguza viumbe vinavyotoa mwanga. Ninyi wa Fukayosi mnamjua kimulimuli, anayewaka usiku majanini. Baharini nako wako wa namna hiyo. Mmoja ni mnyama mlaini kama ute wa yai, mwenye umbo la mwavuli. Wavuvi humwita konyeza, na wengine yavuyavu. Yuko konyeza wa bahari ya Marekani ya magharibi ambaye ukimgusa, ukingo wa mwavuli wake huwaka kijani.

Katika mwaka 1961 Shimomura na mwalimu wake, Frank Johnson, walikwenda Friday Harbor, kisiwani upande huo wa Marekani. Walivua konyeza kwa nyavu za mkono, wapatao 10,000 kwa msimu mmoja. Walikata ukingo wa miavuli yao kwa makasi, wakakamua maji yake katika kitambaa. Lakini kila walipojaribu kukitenga kile kitu chenye mwanga, mwanga wenyewe ulikuwa umekwisha. Shimomura alikaa peke yake ndani ya mashua akifikiri. Mwishowe aliona kwamba akiyatia maji yale asidi, mwanga huzimika kwa muda bila kuharibika. Akafanya hivyo. Siku moja alimwaga mabaki ndani ya sinki ambamo maji ya bahari yalikuwa yakitiririka. Sinki zima likawaka buluu!

Alitambua upesi kwamba maji ya bahari yana kitu kinachoiwasha taa ile. Kitu hicho kilikuwa kalsiamu. Taa ile ni protini, naye aliipa jina la ekuorini, akaitangaza pamoja na wenzake mwaka 1962. Katika kazi hiyohiyo aliona protini ya pili, inayopokea mwanga wa buluu na kuutoa kuwa wa kijani. Hiyo ya pili aliiweka kando tu, maana wakati ule haikuonekana kuwa na faida.

KUTOKA SINDANO MPAKA JENI

Sasa mnaona faida. Ukiwa na kitu kinachowaka kila kalsiamu inapokigusa, ukitie ndani ya seli, nawe utamwona tarishi akiingia. Mwaka 1967 Ellis Ridgway na Christopher Ashley walifanya hivyo. Walichukua uzi mnene wa msuli wa mnyama wa pwani, yule mwenye gamba gumu anayeganda penye miamba na chini ya vyombo vya bahari. Wakaudunga ekuorini kwa sindano nyembamba. Msuli ulipojikaza, taa iliwaka.

Lakini kijidudu cha malaria utakidunga kwa sindano gani? Chakaa ndani ya seli nyekundu ya damu, na seli yenyewe upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Ilihitajika kijidudu kijitengenezee taa chenyewe.

Hapo ndipo linapoingia neno jeni. Ninyi mnaojifunza kusoma mtalielewa upesi. Jeni ni kama maandishi yaliyomo ndani ya seli, yanayoiambia itengeneze nini. Ajabu ni hii: herufi za maandishi hayo ni zilezile kwa viumbe vyote. Ukinakili jeni ya konyeza ukaitia ndani ya seli ya kiumbe kingine, seli hiyo yaweza kuisoma na kuifuata.

Jeni ya ekuorini ilipatikana mwaka 1985. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Douglas Prasher wa Marekani. Mwaka 1992 alitangaza jeni ya ile protini ya kijani iliyowekwa kando na Shimomura. Kisha fedha za kazi yake zikaisha. Prasher hakuificha jeni ile, bali aliwapelekea wataalamu wawili, Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1994 Chalfie alitangaza kwamba ameitia ndani ya bakteria na ndani ya mnyoo mdogo, nao wakang'aa kijani wakiwa hai. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizo Prasher alikuwa dereva, akiwabeba wateja wa duka la magari huko Alabama. Wenzake hao wawili walimlipia nauli, akahudhuria sherehe, na miaka kadhaa baadaye Tsien alimpa kazi. Nimelitaja jambo hili kusudi. Historia huwakumbuka waliopanda jukwaani, na mara nyingi huwasahau waliobeba mizigo. Watu wa Bagamoyo hawahitaji kufundishwa hilo, maana mji wao ulijengwa na wapagazi.

Tsien na mwenzake Atsushi Miyawaki walitengeneza taa mpya mwaka 1997. Ili muielewe, itazameni fulana ya rangi kali avaayo mwendesha bodaboda. Kitambaa chake hakina moto wala betri, lakini hung'aa kupita kitambaa kingine, kwa kuwa hupokea mwanga wa rangi moja na kuurudisha kwa rangi nyingine. Protini ya kijani ndivyo ifanyavyo. Tsien na Miyawaki walichukua mbili za namna hiyo, moja ya rangi ya kibuluu na moja ya manjano, wakaziunga kwa kipande cha protini kinachoikamata kalsiamu. Kalsiamu ikija, kipande hicho hujikunja, na zile mbili husogeleana. Ya kwanza humpa mwenziwe mwanga wake, na rangi hugeuka kuwa ya manjano. Taa hiyo waliipa jina la kinyonga. Mwaka 2001 Mjapani Junichi Nakai na wenzake walitengeneza nyingine nyepesi zaidi, yenye protini moja ya kijani: kalsiamu isipokuwapo hufifia, ikiwapo hung'aa. Taa za namna hiyo ziliendelea kuboreshwa, hata wataalamu wakaweza kuziona seli za ubongo wa panya aliye hai zikipelekeana habari.

PANYA WA KATANGA

Sasa turudi kwetu Afrika. Mwaka 1948, huko Katanga katika Kongo, karibu na mji unaoitwa leo Lubumbashi, ambako Kiswahili husemwa mitaani na sokoni, Ignace Vincke na Marcel Lips walikuta kijidudu cha malaria katika damu ya panya wa msituni. Kijidudu hicho hakimdhuru mtu, lakini ni ndugu wa kile kinachotuua. Na kwa kuwa huishi vizuri ndani ya panya wa maabara, kilipelekwa nchi nyingi kwa uchunguzi.

Mwaka 2004 Oliver Billker na Volker Brinkmann, pamoja na wenzao huko Ulaya, walitangaza kwamba wamekitia kijidudu hicho cha Katanga jeni ya ekuorini, taa ya konyeza wa Shimomura. Wakavichukua vijidudu vyenye taa, vile vya kiume na vya kike, wakavigusisha kemikali ya mbu. Baada ya sekunde chache chombo cha kupimia mwanga kikaonyesha taa imewaka. Tarishi ameingia! Kisha wakaondoa jeni ya protini inayoipokea ile habari ya kalsiamu. Vijidudu vya kiume havikutoa nyuzi tena, wala mbu hawakuambukizwa. Swali lililoanzia katika tone la Laveran lilipata jibu lake baada ya miaka 124.

Na kijidudu cha malaria ya binadamu je? Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamekitia taa ya jamii ya kinyonga, wakawa wanaona kalsiamu yake ikipanda na kushuka kikiwa hai ndani ya seli ya damu. Kazi hiyo ilifanyika katika chuo kikuu cha Nagasaki, mji uleule.

TUMEPATA NINI?

Bibi yangu wa Fukayosi, sasa nakujibu.

Malaria haijaisha kwa sababu kukiona kijidudu hakukutosha. Ilibidi kujua maisha yake, na hilo limeanza kuonekana juzijuzi tu. Sasa tunajua kwamba kalsiamu hukiamsha ndani ya mbu. Tunajua pia kwamba kijidudu huihitaji kalsiamu kinapoipasua seli nyekundu ili kitoke, na kupasuka huko ndiko kunakoleta homa. Protini zinazopokea ishara hizo zinafanana na za mimea, wala namna hiyo haimo mwilini mwa mtu. Kwa hiyo wataalamu wanatumaini kupata dawa itakayoziba masikio ya kijidudu bila kumdhuru mgonjwa.

Lakini sitaki kukudanganya. Tumaini si dawa. Chanjo mbili za malaria zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023, zilipatikana kwa njia nyingine, wala ndani yake hamna jeni ya konyeza. Taa hizi hutiwa ndani ya seli na wanyama wa maabara, hazitiwi ndani ya watoto wetu. Chanjo zote mbili zilijaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mahali pamoja palikuwa hapa Bagamoyo, kwa kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wazazi wa wilaya hii walikubali watoto wao washiriki. Nao pia wamo katika historia hii ya kumjua adui.

Basi usiku wa leo mtie mjukuu ndani ya chandarua. Akipata homa, usingoje kesho, mpeleke apimwe. Na darasani usiache kuuliza. Ringer aliuliza kwa nini moyo umesimama, Shimomura akauliza kwa nini sinki limewaka. Swali lako ni la ukoo huohuo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mwalimu amefananisha kalsiamu na tarishi? Je, mwaweza kutoa mfano mwingine kutoka kijijini kwenu?
2. Kwa nini kijidudu kilichokaushwa juu ya kioo hakiwezi kutuonyesha kila kitu?
3. Shimomura aliiweka kando protini ya kijani. Tunajifunza nini hapo?
4. Prasher aligawa alichokipata. Je, alitendewa haki? Kila mtu aseme maoni yake.

MANENO MAPYA

Chembe hai au seli: sehemu ndogo ya mwili wa kiumbe iliyo na uhai wake.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo ili vionekane.
Jeni: maandishi ya ndani ya seli yanayoieleza itengeneze nini.
Kalsiamu: madini yaliyomo katika chokaa, maziwa na mifupa.
Protini: kitu ambacho seli hutengeneza kwa kufuata jeni, ili kifanye kazi fulani.
Tarishi: mtu wa kupeleka barua na habari ofisini.